Gari la Baba na Siku ya Maji

Panya ndiye aliyeanza haya yote. Kama si panya, gari la baba lingali limekaa nyuma ya nyumba likianikiwa dagaa wa omena na majirani, na mimi ningali na hakika kwamba ndugu yangu ni mwizi.

Sebuleni kwetu kuna tivii mbili. Moja ni nyembamba, nayo inafanya kazi. Nyingine ni ile ya zamani yenye kisogo kikubwa, ilikufa kitambo, na kazi yake ni kuibeba ile nzima. Mtaani kwetu hapa, ng'ambo ya Pumwani, hilo si la ajabu. Hatutupi tivii, tunaipandishia nyingine. Ya kwetu mama aliivisha kitambaa alichofuma kwa mkono wake, na mwaka ule wa mwisho alipokuwa kitandani alinishika akaniambia, "Hiyo tivii usiitupe mpaka ndugu yako aje." Nikamjibu, "Sawa, Mwaitu." Ndivyo tulivyomwita, kwa Kikamba chetu. Moyoni nikasema, mzee amechoka, sasa anaturithisha takataka. Na ndugu yangu sikumwita.

Sasa, mwaka jana, panya akahamia ndani ya hiyo tivii. Mimi sina subira, nisiwadanganye. Hata maharagwe nikiyapika nafunua sufuria kila dakika. Siku tatu nilimsikia akikwaruza wakati wa taarifa ya habari, na siku ya nne, asubuhi, nikaishusha chini, nikachukua bisibisi, nikafungua mgongo wake. Panya akaruka akapita juu ya mguu wangu. Nilipiga nduru majirani wakajaa mlangoni wakidhani nimevamiwa. Wakanicheka, wakaenda zao. Nikachungulia ndani na tochi ya simu.

Kulikuwa na kitu kimefungwa kwa kitambaa cha kichwa cha Mwaitu, kile cheupe cha kanisani, ukingo wake umetafunwa. Nikakifungua. Kilikuwa kisanduku cha bati, ukubwa wa Biblia, upande mmoja kina tundu pana lenye pini nyingi. Ubavuni kimechorwa nambari ya gari la baba, kama tunavyochora Nairobi kila kitu ambacho mwizi anaweza kukifungua, kuanzia taa hadi vioo vya pembeni. Mafundi wetu hukiita kontrol boksi. Ndiyo akili ya gari, na bila hiyo injini haiwaki.

Nikakaa sakafuni. Wueh. Hicho ndicho kisanduku ambacho miaka kumi na miwili nyuma nilisimama mbele ya mtaa mzima nikasema ndugu yangu amekiiba akakiuza.

Niwaeleze vizuri. Baba alikuwa dereva wa mzungu mmoja, na yule mzungu alipofunga virago kurudi kwao alimwachia gari lake la raha. Jekundu, milango miwili, la chini kiasi kwamba kila tuta la barabarani lilikuwa linalikwaruza tumbo. Baba aliliendesha kwenda kanisani tu, mwendo wa harusi, na watoto wa mtaa wakilifuata kwa miguu bila kuachwa. Desemba tukienda Ukambani kwa basi, alikuwa analikunja zulia la miguuni, anafungua kile kisanduku kwa spana namba kumi, anampa Mwaitu akifiche kwenye sanduku lake la nguo. "Mwizi akija," alikuwa akisema, "na alisukume mpaka kwake."

Baba alipofariki, gari likabaki letu sote, lakini aliyeliendesha ni ndugu yangu. Tuko wawili tu, mimi nikimpita miaka sita. Yeye hakuwa na mwendo wa harusi. Jumapili asubuhi na mapema alikuwa anakwenda kushindana na wenzake kwenye barabara ya Kangundo, huko mbele ya Njiru, na Mwaitu alikuwa haendi kanisani mpaka amelisikia gari limerudi. Kisha rafiki yake mmoja akafa huko, ndani ya gari lake mwenyewe. Wiki mbili baada ya mazishi, nilipojaribu kuliwasha mimi, gari letu likakataa kuwaka. Nikamwita fundi wa pale kwenye kona, mzee ambaye hadi leo hutandika gunia chini ya mwarubaini na kufungua injini za watu hapo hapo. Akafunua zulia la miguuni. Pahali pa kisanduku palikuwa patupu.

Nilikimbilia sanduku la nguo la Mwaitu. Hakikuwemo. Hapo mimi nikamaliza kesi. Ndugu yangu wakati huo hakuwa na kazi, na alikuwa na marafiki waliojua kila kibanda cha spea mjini. Nilitoka na hasira zangu mpaka mferejini, kwenye bomba la mtaa. Ilikuwa siku ya maji. Kwetu maji hayaji kila siku, yana siku yake, na ikifika siku hiyo mtaa mzima huwa mferejini na mitungi. Ndugu yangu alikuwa kwenye foleni, ameshika mitungi ya Mwaitu miwili. Nikamwita mwizi. Nikamwambia ameuza akili ya gari la marehemu baba, amelichuna gari kama mbuzi wa machinjioni Kiamaiko. Nilisema mengi, mengine siyaandiki. Fundi alikuwa nyuma yangu na spana yake mkononi. Mwaitu alikuwa mlangoni, anakatakata sukuma wiki. Ndugu yangu alinitazama, akamtazama mama, akaweka mitungi chini. Mama akainama akaendelea kukata.

Jioni hiyo alihama. Alirudi mara moja tu, siku tuliyomzika Mwaitu, akasimama nyuma kabisa karibu na madereva wa mabasi, akaondoka kabla ya chai.

Basi sasa mimi niko sakafuni na kisanduku mapajani. Unajua nilifanya nini? Badala ya kwenda kwa ndugu yangu, nilikwenda kwa gari. Ndivyo nilivyo, mikono yangu hutangulia. Niliondoa omena ya jirani, nikaondoa turubai lililooza. Matairi yalikuwa yamekaa chini yamepasukapasuka. Kwenye kiti cha nyuma kuku wa jirani alikuwa ametaga mayai manne. Nikamwita yule fundi, sasa mzee kweli kweli, nikamwonyesha kisanduku. Alikigeuza, akasoma nambari, akakinusa kile kitambaa.

"Kilikuwa wapi?"

"Ndani ya tivii. Mwaitu alikificha."

Alikikunja kile kitambaa. Kisha akasema, "Mdomo uliponza kichwa." Sikumwuliza ni mdomo wa nani.

Nilimwambia nataka gari liwake wiki hiyo hiyo. Maana kulikuwa na jambo jingine: tulikuwa tumepewa barua kwamba nyumba zetu hizi kuukuu zitabomolewa zijengwe magorofa, na sisi tujiandae. Mfereji nao utang'olewa. Na mimi nilitaka ndugu yangu aje nyumbani kabla nyumba haijawa kifusi. Hilo tu ndilo nililotaka, gari lilikuwa kisingizio. Nilifikiri nitamwendea nikiliendesha, nipige honi langoni kwake, kila kitu kiishe bila mimi kulazimika kusema mengi. Naam, mimi mwenye mdomo wote huu.

"Injini iliyolala miaka kumi na miwili huiamshi kwa kofi," fundi akasema. Akafungua plagi zote, akamimina mafuta kidogo katika kila tundu, akaweka vitambaa juu. "Sasa tungoje siku tatu."

"Siku tatu za nini?"

"Za mafuta kupenya. Ukiwasha hivi hivi utavunja kitu ndani, halafu uje mferejini uniite mwizi na mimi."

Nilimtukana kidogo, akacheka. Siku tatu hizo sikukaa. Nilifua mapazia yaliyokuwa safi. Nilitembea hadi Pumwani na kurudi bila kununua kitu. Nilipanda pikipiki mpaka Njiru, nikashukia kwenye kona ya karakana ya ndugu yangu, ambapo anachomelea mageti ya chuma ya hao watu wote wanaojenga huko, nikamwona kwa mbali amevaa miwani yake myeusi, cheche zinaruka. Nikageuka. Kesho yake nikaenda tena, nikageuka tena. Mwenye pikipiki akaniuliza kama nadaiwa huko.

Siku ya nne fundi aliizungusha injini kwa mkono, kwa spana ndefu, polepole, sikio lake likiwa karibu na bati. Ilikwama, akairudisha nyuma, akaisogeza tena. Mara ikazunguka, na mimi nikapiga vigelegele peke yangu. Tukamwaga petroli ya zamani, ilikuwa inanuka kama vanishi. Tangi lilitoa kutu kikombe kizima. Breki zilikuwa zimeshikana, alizigonga na nyundo siku nzima. Nyaya zilizotafunwa alizifunga moja moja. Akaleta betri, akaleta matairi yaliyotumika lakini yenye afya. Mwisho akalala chali miguuni mwa kiti na kufunga kile kisanduku kwa spana namba kumi, kama baba.

Akaniambia nizungushe ufunguo. Stata ikalia, injini ikazunguka vizuri, lakini haikushika. Tena, na tena. Sikio lake likaenda nyuma kwenye tangi, akatikisa kichwa.

"Pampu ya petroli haipati umeme. Kuna swichi hapa imefichwa. Ndugu yako aliifunga enzi zake ili gari lisiibwe. Yeye ndiye anajua iko wapi."

"Si uipite tu? Ukate waya uunganishe?"

"Naweza. Dakika tano."

"Basi ipite!"

Mzee akajifuta mikono kwenye suruali, akaanza kukusanya spana zake, moja baada ya nyingine. "Sitaki," akasema. "Mwenye swichi yuko hai, yuko hapo Njiru tu. Wewe msichana umepata njia ya kila kitu isipokuwa hiyo moja."

Nina miaka arobaini na saba, na ananiita msichana. Nilimwambia maneno. Nikamwambia mafundi wako wengi Nairobi. Akasema ni kweli, wako wengi, akaenda kukaa kwenye gunia lake. Nilizunguka lile gari nusu saa nikilipiga teke tairi. Ukweli ni kwamba niliogopa. Nilimwogopa ndugu yangu, niliyembeba mgongoni.

Basi nikakitoa tena kisanduku garini, nikakifunga kwa kitambaa cha Mwaitu, nikaenda Njiru. Safari hii nilimlipa mwenye pikipiki kabla hajasimama, nisije nikabadili nia. Ndugu yangu aliniona. Akamaliza mstari wa kuchomelea aliokuwa nao, akavua miwani. Amekuwa na mvi masharubuni. Hakuna aliyeniambia ana mvi.

"Niaje, sista," akasema, kama tulionana juzi.

Nikaweka kitambaa juu ya meza yake ya chuma. Alikigusa kile kitambaa, hakukifungua.

"Nimekipata kwenye tivii," nikasema. "Mwaitu alikificha. Hukuwa wewe. Nilikosea. Nisamehe." Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yakatoka hayo tu. Nikaongeza, "Na mbuzi nitaleta." Maana baba alikuwa akisema ukimwita mtu mwizi bure, jina lake unamrudishia na mbuzi, si mikono mitupu. Kiamaiko nilikuwa nimepita kabisa, mbuzi nimemwona, dume jeusi.

"Uliniita mwizi wapi?" akaniuliza.

"Unajua."

"Nataka useme wewe."

"Mferejini. Siku ya maji."

"Basi mbuzi baadaye," akasema. "Mfereji kwanza." Akavaa miwani yake, akarudi kwenye geti.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa siku ya maji. Alikuja saa nne asubuhi, amevaa shati safi. Nikatoka mbio kumpokea, nikamwambia karibu ndani. Akakataa. Akatazama mfereji. Pale palikuwa na mitungi tu, imepangwa foleni bila wenyewe, maana maji yalikuwa hayajafika. Watu wenyewe walikuwa majumbani.

"Nitangoja maji," akasema. Akageuza mtungi, akaukalia.

Aki, siku hiyo nilikufa mara nyingi. Maji yalikuwa na kawaida ya kuja saa tano, yakapita saa tano. Yakapita saa sita. Nilitoa chai, akainywa nje. Nikatoa chapati, akala nje, akasema Mwaitu alikuwa anazipika laini zaidi. Nilizunguka mfereji nikiufungua na kuufunga. Ukatoa hewa. Wakati mwingine hata maji huahirishwa mpaka wiki inayofuata, na nilijua kabisa akiondoka leo sitampata tena, kwa sababu mimi mwenyewe nitakuwa nimeshafanya hasira na kuharibu kitu. Nilimwomba, "Si niende nyumba kwa nyumba niwaite?" Akasema, "Siku ile hukuwaita. Walikuwepo." Fundi alikuwa amekaa chini ya mwarubaini, anajifanya anasafisha kabureta.

Saa nane na kitu mfereji ukakohoa. Ukatema kutu, ukatema hewa, kisha mtu akapiga kelele dirishani, "Maji!" Milango ikafunguka yote kwa pamoja. Wakaja kina mama na mabeseni, wakaja vijana, wakaja hata wale waliohamia juzi wasionijua. Wakongwe walimwona ndugu yangu, wakaacha kusukumana, na wageni wakaacha kwa kuwaona wakongwe. Yeye akasimama kwenye foleni na mtungi wake, pale pale alipokuwa siku ile.

Nikapanda kwenye ukingo wa saruji.

"Mnanijua," nikasema. "Hapa nilimwita huyu ndugu yangu mwizi, na wengi wenu mlinisikia. Nilisema ameuza kifaa cha gari la baba. Hakukiuza. Hakukiiba. Kilikuwa nyumbani kwetu, chini ya tivii ninayotazama kila siku. Mwongo ni mimi. Sikuwa na ushahidi, nilikuwa na hasira. Jina lake namrudishia hapa hapa, kabla hawajaja kuung'oa huu mfereji." Halafu nikalia, jambo ambalo sikulipanga.

Mama mmoja mzee, rafiki wa Mwaitu, akasema kwa sauti, "Tumesikia." Wengine wakasema tumesikia. Kisha mtu nyuma akasema, "Sasa shuka tuteke maji," watu wakacheka, na mimi nikashuka.

Ndugu yangu alijaza mtungi. Akaubeba mwenyewe mpaka ndani ya nyumba, akauweka pale Mwaitu alipokuwa anaweka maji. Akatoka, akaenda kwenye gari. Kisanduku alikuwa amekileta, akakifunga. Akapitisha mkono chini ya kiti, nikasikia mlio mdogo, tik. Akazungusha ufunguo. Injini ilisita, ikapiga chafya, ikatoa moshi mweusi uliofunika nguo za watu kwenye kamba, kisha ikashika. Jamani. Ile sauti ya Jumapili. Fundi akatupa kofia juu, na mwenye nguo akanitukana.

Nikaingia upande wa pili, nikafunga mlango. Nikaona nimweleze vizuri, nimtetee marehemu. "Usimkasirikie Mwaitu," nikasema. "Aliogopa. Sijui aliwezaje peke yake, ile tivii ni nzito."

"Hakuwa peke yake," akasema. "Tivii nilimfungulia mimi."

Sikuelewa. Nikamwambia arudie.

"Baada ya rafiki yangu kufa, Mwaitu alinililia. Nikafungua kisanduku, tukakificha pamoja. Mimi ndiye niliyesema tuweke kwenye tivii, ili nisishawishike kushindana tena. Nilikuwa naja kukwambia. Ukatangulia wewe."

"Na siku zote hizi! Kwa nini Mwaitu hakusema?"

"Alitaka. Nilimkataza. Nilitaka wewe uniulize kwanza." Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, gari halijasogea. "Siku ile ulisema mambo mengi, sista. Hukuuliza hata moja. Niulize sasa."

"Lakini sasa najua."

"Niulize."

Injini ilikuwa ikitikisa vioo. Mikono yangu haikujua pa kwenda, nikaikalia.

"Kisanduku cha baba kiko wapi?" nikamwuliza.

"Kiko ndani ya tivii, sista," akasema. "Mwaitu anaogopa nitakufa. Usimgombeze."

Nikamwambia sitamgombeza.